Kaka na Dada wa Lusangi

Sura ya Tisa

Naomie alikuwa amejiandaa kwa vita vya dini. Kwa miezi mitatu alikusanya majibu kichwani, kama mtu anayepanga kuni ndani kabla mvua haijaanza: ndoa itafungwa wapi, watoto watapelekwa kanisani ama madrasa, sikukuu zitaliwa vipi. Alijua shangazi yake atauliza nini, na alijua yeye mwenyewe atajibu nini. Kwa hiyo Jumamosi ile Asani alipoingia kwenye baraza la nyumba yao pale Kasongo, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, nyuma yake mjomba wake Mzee Djuma amebeba jogoo na kitenge kilichofungwa kwa kamba, Naomie alikaa chumbani akisikiliza bila hofu. Moyo ulimwenda mbio, ndiyo, lakini ulikwenda mbio kwa furaha.

Na vita vya dini havikupiganwa. Baba yake, Papa André, mkurugenzi wa shule ya msingi ya kanisa, alisema mwenyewe kwamba Wakristo na Waislamu wa mji huu walioana kabla yeye hajazaliwa, na watoto wao wamekaa kwenye madawati yake, wanajua hesabu kama wengine. Hilo, alisema, tutalipatia siku yake. Naomie nusura apige makofi peke yake kule chumbani.

Kisha baba yake akaita, "Naomie, njoo ukae hapa. Magloire, onyesha."

Magloire alikuwa kaka yake mkubwa. Familia ilikuwa imemtuma huko Kabambare, kwa watu wa Asani, kuuliza yale yanayoulizwa kabla ya kutoa binti: kama kuna ugonjwa wa ukoo, kama kuna mke mwingine amefichwa, kama kijana anapigana akinywa. Alirudi jana, akakataa bugali aliotengewa, akapita mbele ya Naomie bila kumtazama. Sasa alitoa simu mfukoni na kumpa Mzee Djuma. Ikapita kwa Tantine Emilienne, dada wa baba yake, aliyemlea Naomie tangu mama alipofariki. Tantine aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaguna.

Ilikuwa picha. Asani na Naomie wamekaa mkekani, paji la uso la kila mmoja limepakwa udongo mweupe, na katikati yao mama mzee mwembamba ameweka mkono mmoja juu ya kichwa cha huyu na mwingine juu ya kichwa cha yule.

"Kule Kabambare hakuna mutu alinipatia neno mubaya juu ya Asani," Magloire alisema. "Mutu wa heshima, mutu wa kazi. Wakati wa kurudi nikapita Lusangi, nikaonyesha picha ya dada yangu. Wakaniambia, huyu tunamujua, ni dada wa Asani. Nikasema hapana, ni muchumba wake. Mama moja akanifukuza na ufagio."

"Na ufagio?" aliuliza Tantine Emilienne.

"Na ufagio, Tantine. Akasema nimekuja kutukana watoto wa Mama Régina. Jirani yake ndiye alinipatia hii picha."

Baraza zima likamgeukia Naomie, naye akamgeukia Asani.

Ulikuwa uongo mdogo, na ulianza na mvua. Miaka miwili nyuma walikuwa wakitoka kuimba harusi Kabambare, pikipiki ikazama kwenye matope karibu na Lusangi, jioni inaingia, na mlango uliofunguka ulikuwa wa mama mjane, Mama Régina, aliyewatazama juu mpaka chini na kuuliza huyu ni nani wa yule. Nani angempa pa kulala kijana na msichana wasiooana, wamelowa, mmoja amebeba likembe, kile kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, na mwingine daftari la mashairi? Asani alisema, dada yangu. Naomie akatikisa kichwa kukubali. Wakapewa moto, wakapewa sombe ya majani ya mihogo, kila mmoja akapewa chumba chake. Uongo ule ukafanya kazi vizuri, wakauchukua safarini kama watu wanavyochukua mwavuli. Kila walikokwenda, Asani akighani tenzi zake na Naomie akimjibu kwa likembe na sauti, walikuwa kaka na dada. Hakuna aliyewasema vibaya. Hata jina la kundi likawa hilo, Kaka na Dada.

Ila Mama Régina hakuuchukua kama mwavuli. Alikuwa amezika mapacha, wa kiume na wa kike, ndani ya wiki moja, kwa ugonjwa wa surua. Mara ya tatu walipopita kwake aliita majirani, akawakalisha mkekani, akawapaka udongo, akawalambisha chumvi, akawalisha kuku mmoja kwa mkono wake, akasema mbele ya wote kwamba hawa wamerudi. Naomie alimtazama Asani na Asani akamtazama Naomie. Mama alikuwa akilia kwa furaha, majirani wakipiga vigelegele. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia amekosea? Walinyamaza. Walidhani kunyamaza ni huruma.

Kisha ukaja mfuko. Mfuko wa Safari za Wasanii, wenye ofisi yake Kindu, ulitangaza kwamba utawasaidia wasanii wanaoishi kwa sanaa yao kuizungusha katika miji na vijiji: pikipiki, chakula, vyombo, malipo ya kila onyesho. Ulitaka barua tano za wenyeji watakaotoa mahali pa kuimbia na pa kulala. Wenyeji wanne, kutoka Kabambare, Lusangi, Nyangwe na Kindu, waliandika kwa neno moja kwamba wanamkaribisha Asani Bulaimu na dada yake. Barua ya tano, ya Kasongo, aliiandika Papa André kwa ajili ya ukumbi wa shule, akasema anampokea Asani pamoja na binti yangu Naomie. Hakuna aliyezisoma zile barua zikiwa pamoja. Kati ya makundi mengi yaliyoomba, matatu yalichaguliwa, na moja lilikuwa lao. Leo saa tisa Madame Esther-Divine wa mfuko angepita kwenye nyumba hii hii, kwa mwenyeji wa Kasongo, na kontra, mkataba wa kusaini. Kesho ilikuwa safari. Asani alitaka kuondoka akiwa mchumba anayejulikana, ndiyo maana alimleta mjomba na jogoo leo.

"Asani," Papa André alisema. Hakupandisha sauti. "Nafundisha watoto miaka makumi tatu. Najua uongo wa mutoto aliyeogopa, na najua uongo wa mutoto aliyezoea. Huu wako ni gani?"

Asani alisimama. "Ulikuwa wa mvua, Papa. Tulitafuta pa kulala. Sikumuvunjia heshima binti yako hata siku moja. Lakini si dada yangu. Mungu anajua si dada yangu."

"Mungu anajua, Lusangi haijui," Tantine Emilienne alidakia. "Mumekula chumvi ya mwenye kufiwa, mumepakwa, mumenyamaza. Mulitaka yule mama ajue kupitia nani? Redio?"

Naomie alimtazama Mzee Djuma, akitumaini mzee atatetea damu yake. Mzee alikuwa akigeuzageuza kofia yake magotini. Alikohoa, akasema kwamba kwao, kwa Wabangubangu, watu waliokalishwa mkeka mmoja na mama mmoja hawalazwi kitanda kimoja, na kwamba habari hiyo anaisikia leo. Angeisikia Kabambare, alisema, asingebeba jogoo wa watu siku mbili juu ya pikipiki. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka mgongo.

Majibu yote ya Naomie ya miezi mitatu hayakuwa na swali la kujibu. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akamwambia kwamba kosa lilikuwa lao wote wawili, kwamba hata yeye alikubali kwa kichwa, kwamba kama kuna adhabu wagawane, lakini asimnyang'anye Asani. Aliyasema hayo yote akiwa ameshika upindo wa suruali ya baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa mtoto.

Papa André alimwinua kwa kumshika mabega.

"Njia iko," alisema. "Moja. Saa tisa yule mama wa mfuko atafika, ataona barua zenu hazisemi neno moja, atauliza. Asani, ukimuambia lile lile ulilotuambia sisi, mimi mwenyewe nitapanda pikipiki mpaka Lusangi. Nitapiga magoti mbele ya Mama Régina, nitamuomba awafungue. Atalia, lakini atawafungua. Na nitakupa Naomie. Sitaangalia msikiti, sitaangalia kanisa. Lakini sitampa mutoto wangu mutu mwenye kinywa cha nyumbani na kinywa cha ofisi."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa gharama yake. Madame alikuwa amewaambia tangu mwanzo kwa simu: barua moja ikionekana si ya kweli, dosye yao, faili la maombi, inafungwa, na nafasi inakwenda kwa kundi linalofuata kwenye orodha ya kungoja.

Tantine Emilienne aliwaruhusu waongee wawili, palepale jikoni nyuma ya nyumba, dirisha likiwa wazi ili awaone. Ilikuwa saa nane na nusu. Sufuria ya maharagwe ilikuwa ikichemka polepole juu ya mafiga, na moshi ukawatenganisha, kisha upepo wa kiangazi ukauondoa.

Naomie alifuta macho. Alijaribu hata kutabasamu. Alisema kwamba baba amekubali, kwamba hakuwahi kuota baba angekubali upesi hivyo. Aliongea haraka, kwa sababu aliogopa kimya cha Asani.

"Siku makumi tatu na tano tu," Asani alisema.

"Za nini?"

"Tusaini, tuimbe, turudi. Kisha mimi mwenyewe niende kwa Mama Régina, nimuambie yote. Papa atakuwa amepoa."

"Humujui Papa."

"Namujua. Ana moyo."

"Ndiyo anao. Ndiyo maana hatapoa."

Asani alitembea hatua mbili, akarudi. Jikoni palikuwa padogo kwa hasira yake. Alianza kusema kwa sauti ya chini, na maneno yakaanza kushika mwendo, kama yanavyomjia akiwa jukwaani. Alisema miaka minane anaimba harusi na matanga ya watu, akilipwa sahani ya wali na mkono wa asante. Alisema mashairi alijifunza mwenyewe, kwa kuhesabu mizani kwenye vidole huku akipalilia mihogo, hakuna mwalimu aliyemshika mkono. Mwaka jana karani mmoja alimwuliza kazi yake ni nini, akasema mtunzi, karani akacheka na kuandika kwamba hana.

"Leo iko karatasi," alisema. "Iko jina langu, na chini yake iko neno msanii, na iko muhuri. Wewe unataka niichome?"

"Sijasema uichome. Nakuuliza mimi niko wapi."

"Uko ndani. Jina lako liko chini ya langu."

"Niko kama nani?"

Asani alimtazama kwa yale macho yaliyomfanya Naomie, siku ya kwanza, asahau wimbo katikati: macho mekundu kidogo pembeni, yasiyojua kuficha kitu. Kisha, kama alivyozoea kila anapokwama, akaanza kughani taratibu:

"Moyo wangu nimeufunga, ufunguo u kwako wewe..."

"Usiniimbie, Asani. Niambie."

Asani akakatiza wimbo. Maharagwe yakatokota. Kutoka dirishani Tantine Emilienne alikohoa kuwakumbusha kwamba yupo.

"Nisikilize vizuri," Naomie alisema. "Ukisema dada mbele ya yule mama, mimi sitakukana. Unajua siwezi kukukana mbele ya mugeni, akakuita mwongo nikiangalia. Nitasema ndiyo. Na nikisema ndiyo, imekwisha. Hakuna kesho ya kurekebisha. Kwa hiyo nakuomba usiseme. Sijawahi kukuomba kitu. Viatu sikuomba, simu sikuomba. Naomba hiki."

Asani alimshika kifundo cha mkono. Tantine Emilienne alikohoa tena, naye akamwachia.

"Nitasema ukweli," alisema.

"Apa."

"Naapa, Naomie. Nitamuambia."

Akamwamini. Alimwamini kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Gari la mfuko lilifika saa tisa kasoro, limejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vioo. Madame Esther-Divine alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, sauti yake imekauka kwa vumbi la barabara. Alisalimia kila mtu kwa mikono miwili, akaomba maji, akanywa glasi mbili bila kupumua, akaomba msamaha kwa kufanya hivyo. Naomie alikuwa amejiandaa kumchukia, akashindwa. Mama yule alipowaona Asani na Naomie uso wake ulifunguka. Alisema alisikiliza nyimbo zao njia nzima. Kwenye kamati, alisema, mmoja alitaka kundi jingine lenye magitaa, yeye akakataa, akawawekea ule utenzi wa mto Lualaba, wakanyamaza wote, mpaka mzee mmoja akatoa leso.

"Mimi nililia," alisema, "na mimi silii ovyo. Muulize bwana yangu."

Asani aliinamisha kichwa. Naomie aliona tabasamu alilolificha, na kwa mara ya kwanza siku ile akaogopa kweli.

Madame alifungua dosye, akatoa kontra na kuiweka mezani, kisha akazipanga barua tano kando yake moja baada ya nyingine. Kutoka alipoketi Naomie aliweza kusoma mstari wa kwanza wa kontra. Asani Bulaimu, msanii. Herufi zilikuwa nene.

"Iko kitu kidogo tu," Madame alisema. "Ni cha kuweka sawa, nisaini, niende, barabara ya Kindu munaijua. Barua ine zinasema kaka na dada. Ya Papa mkurugenzi inasema binti yangu. Na wewe, Asani, jina la baba yako si la hapa. Nieleze tu, niandike. Mimi nawataka ninyi. Lakini kundi la pili wananipigia simu kila siku, na kanuni ni kanuni. Huyu ni nani wako?"

Mzee Djuma aliacha kugeuza kofia. Papa André alikunja mikono kifuani. Asani alitazama karatasi. Alipitisha kidole juu ya herufi zile nene. Kisha akainua uso akamtazama Naomie. Naomie alitikisa kichwa kidogo sana, mwendo ambao mtu mwingine asingeuona. Alikuwa akimwambia hapana, tafadhali, hapana. Na machoni mwa Asani akaona kitu kilichomvunja kabla neno halijatoka, kwa sababu macho yale yalikuwa tayari yanaomba msamaha.

"Ni dada yangu," Asani alisema. "Mama Régina wa Lusangi alitufanya watoto wake mbele ya watu. Papa André ni baba yake wa kuzaa. Mimi ni kaka yake."

Madame aliandika. Kalamu yake ilikuwa na mlio mdogo.

"Ni hivyo, mama mudogo?" alimwuliza Naomie.

Kulikuwa na neno moja tu la kusema ili kumpata Asani, na neno hilo hilo lingemwangusha pale pale, mbele ya mwanamke aliyelilia utenzi wake. Naomie aliliona kundi la pili likishangilia. Alimwona karani wa mwaka jana akicheka. Alimwona Asani akirudi Kabambare na jembe lake, akihesabu mizani kwenye vidole bila mtu wa kumsikia, na kila akimtazama mkewe akikumbuka kwamba ndiye aliyemnyima. Halafu akajiona yeye mwenyewe, peke yake, na hapo hakukaa sana.

"Ndiyo, Madame," alisema. "Ni kaka yangu."

Tantine Emilienne alitoa pumzi kama mtu aliyechomwa na sufuria.

Ilibaki saini ya mwenyeji. Madame alimsogezea Papa André karatasi, akamwomba athibitishe. Naomie alimwangalia baba yake akivua miwani, akiifuta kwa shati, akiivaa tena. Alijua baba yake angeweza kusema kwamba yote haya ni hadithi, na kila kitu kingebomoka, na pengine chini ya mabomoko yale angemkuta Asani akiwa hana pa kwenda ila kwake. Aliomba hivyo, aliomba kwa Mungu wa baba yake. Papa André alimtazama yeye, si Asani.

"Mutoto wangu hasemi uongo mbele ya wageni," alisema. "Kama amesema ni kaka yake, basi huyu ni mwana wangu." Akasaini.

Asani akasaini. Naomie akasaini. Madame alifurahi, akawakumbatia wote wawili pamoja, kichwa chake kikifika kwenye bega la Asani tu. Akawaachia nakala na bahasha ya safari, akawaambia wasisahau kupiga picha kila kituo kwa ajili ya ripoti, akaingia garini. Vumbi lake lilikaa hewani mpaka mlio wa gari ulipopotea upande wa soko.

Hapo ndipo Asani aliposhtuka, kama mtu anayeamka. Alimgeukia Papa André na kuanza kusema kwamba yale aliyasema kwa sababu ya karatasi tu, kwamba sasa karatasi imekwenda, kwamba hapa nyumbani...

"Nyamaza," Naomie alimwambia. Alisema polepole, karibu kwa upole. "Ukirudisha neno sasa, hautakuwa kaka, hautakuwa bwana. Angalau baki na kimoja."

Papa André alionyesha benchi ambalo Magloire alikuwa amekalia, si kile kiti cha wageni.

"Kaa pale na ndugu yako," alisema.

Asani akakaa. Magloire alisogea kumpisha, bila kumtazama.

"Mukirudi kutoka safari," Papa André akaendelea, kwa sauti ile ile anayotangazia ratiba ya mitihani, "Fadhili atakuja na watu wake. Fadhili mwana wa katekista Placide. Ameomba tangu mwaka jana, nikamuambia angoje, nikijua binti yangu ana mutu moyoni. Sasa hana sababu ya kungoja. Na mahari ya dada inapokelewa na kaka zake. Magloire atakaa upande huu, wewe utakaa upande ule. Ni wewe utawaambia inatosha ao haitoshi."

Hapakuwa na ukali katika maneno yale, na kukosa ukali ndiko kulikoua. Naomie alisubiri Asani aruke, apige meza, aseme neno moja la moto kati ya maelfu aliyowahi kuyatunga. Alikuwa amemwona akigombana na wenye harusi kwa ajili ya ubeti mmoja waliomkatisha. Asani aliichukua nakala ya kontra, akaiweka magotini.

"André," Tantine Emilienne alisema. Mwanamke yule aliyekuwa na maswali makali kuliko wote alikuwa amefunika uso kwa upindo wa kitenge chake. "Inatosha. Uwaachie."

"Sijawaongezea kitu," Papa André alijibu. "Wamechagua wenyewe, nimesaini." Akainuka, na Naomie akaona kwamba mkono wa baba yake ulitafuta ukuta kabla ya kuupata.

Mzee Djuma naye aliinuka, hajui aage namna gani. Alikuja kama mkwe, na sasa hakujua ni nani. Aliokota kile kitenge kilichofungwa, akakiangalia, akakirudisha mezani mbele ya Tantine Emilienne. Alisema kwamba basi kiwe zawadi ya kutembeleana tu, watu wanatembeleana. Jogoo akamwacha chini ya benchi, miguu imefungwa. Alitoka nje kwenda kumtafuta motari wa pikipiki, akimwambia mpwa wake kwamba atamngojea njiani, asiharakishe.

Papa André na Tantine Emilienne walikuwa wameingia ndani. Walibaki wawili pale, na Magloire, ambaye ghafla alipata kazi ya kufunga dirisha la mbali.

"Naomie," Asani alisema.

Naomie alingoja. Alimpa muda wote aliokuwa nao, akasimama mbele yake mikono chini, uso wazi, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Asani angesema twende Kindu tumfuate yule mama, Naomie angekwenda. Angesema tuichane, angeichana kwa meno. Asani alikuwa ameshika nakala ya kontra kwa mikono miwili, na mikono ile haikulegea.

Naomie akaona, akaacha kungoja.

"Kule Kabambare asubuhi iko baridi, wakati huu wa kiangazi," alimwambia. "Uchukue koti. Mwaka jana ulikohoa wiki mbili."

Alisema kama mtu anavyomwambia nduguye, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Akaingia ndani kufunga mizigo, akafunga mlango wa chumba nyuma yake, akakaa sakafuni akiwa ameuegemea kwa mgongo, asije mtu akaufungua, wala yeye mwenyewe.